Dirisha la Mama Ndani ya Boti

Karakana ya Boti,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kitindamimba,

Pokea salamu tele za dada yako mwenye mdomo. Hujambo mdogo wangu? Kifua cha wifi kimepona? Na watoto je, wanakula vizuri? Sisi huku wazima, ila goti langu linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi.

Kazi uliyoniagiza imekwisha. Ulitaka boti ya marehemu baba irudi kama ilivyoundwa, kila kilichoongezwa na waliowahi kuimiliki kiondoke, ili mkija watoto wapande salama. Haya basi. Kile chumba cha juu alichobandika yule aliyemuuzia baba, kilichoifanya boti iyumbe kama mlevi, tumekibomoa mimi na fundi. Zulia lake nalo tumelibandua. Chini yake mbao zilikuwa zimeoza, harufu yake acha tu.

Friji nzito aliyoiweka baba ndiyo iliyotuchekesha. Tuliitoa, boti ikalalia upande wa pili! Kumbe baba alipanga mawe chini ya sakafu kuisawazisha, wala hakumwambia mtu. Tukatoa na mawe. Fundi akaweka glasi ya maji mezani, maji yakainama. Boti tupu, lakini bado inalalia upande wa kiti cha marehemu mama.

Lile dirisha unalikumbuka. Mama aliposhindwa kusimama, baba alitoboa ubavu wa boti, chini kabisa, ili akiwa ameketi aone mlango wa bandari, kule ulikopitia ukiondoka. Mafundi walimwona kichaa, dirisha kukaribiana na maji namna ile! Ni kweli ni hatari. Hata hivyo niliahirisha kuliziba, leo kesho, leo kesho.

Sasa nisikilize, na usinicheke. Kila asubuhi nikifungua mlango wa boti, kioo cha dirisha hilo kilikuwa kimeshika mvuke kwa ndani, na katikati pamefutwa kwa kiganja, usawa wa mtu aliyeketi. Ufunguo ni mmoja na nalala nao. Fundi alipoona alivua kofia. "Mwenyewe yupo," akasema, kisha akaenda kunywa chai, hakurudi mpaka kesho yake.

Wiki iliyopita tuliliziba. Watoto kwanza, nilijiambia, na mama mwenyewe angesema hivyo. Ubao ulipokaa, boti iliinuka polepole ikanyooka, maji kwenye glasi yakatulia. Wallahi hakuna aliyegusa kitu. Nikalia kama siku ile ya msiba wake. Sasa nikiingia mle naona boti tu.

Jana wifi alinipigia simu, amewakasirikia watoto. Anasema tangu wiki iliyopita kila asubuhi anakuta dirisha la jikoni limefutwa mvuke kwa chini, mbele ya kile kiti kisichokaliwa na mtu, na watoto wote wanakana. Mimi, na mdomo wangu wote huu, sikumwambia la dirisha la mama; nakuandikia wewe.

Tafadhali msiwagombeze. Kisogeze kiti karibu na dirisha, ukae na mama kidogo kabla ya kwenda kazini. Alikungoja hadi pumzi ya mwisho, mdogo wangu.

Nisalimie wifi, wanao wote, na binamu Kijiti akipita hapo. Mungu awafunike nyote mlio ndani ya nyumba hiyo, anayeonekana na asiyeonekana.

Na mkija, msimwache huko.

Dada yako akupendaye,
Mdomo