Mafuta ya Yai Yanapanga Foleni

Shikamoo mama,

Huku ni baridi, hata mafuta ya kujipaka yanaganda, ila mimi mzima kabisa. Leo maabara tumetia maji kwenye mafuta ya kiini cha yai, tukachungulia kwa darubini. Chembe zake hujipanga zenyewe safu kwa safu. Zikinyooka panang'aa, zikivurugika panakuwa giza.

Mwalimu akanionyesha doa jeusi, akauliza pamekuwaje. Nikamjibu, "Hapo kuna aliyejipenyeza."

Akacheka, akasema ndivyo. Mimi foleni naijua bwana! Si tulikuwaga tunaacha mawe yatushikie nafasi ya sabuni pale dukani Kamunyonge?

Padri anayerudi Musoma nimempa sabuni zako za kutosha. Usisimame juani tena, mama. Lile jiwe lako jeupe sasa lizuie mlango tu.

Mwanao akupendaye,
Mafuru