Nilimwahidi Mkwe Ndege, Nami Naiogopa

Mpendwa Bibi Mshauri, naomba msaada wako kabla sijaachika, kama mwanamume anaweza kuachika, maana mimi ni karani wa boma hapa Lindi na mke wangu Kazija ni mtoto wa Dar es Salaam, na siku ya posa baba yake alikataa katakata, akasema Lindi ni mwisho wa dunia na yeye hamziki mwanawe hai, nami kwa kumtaka sana nikamwambia, "Mzee wangu, hayo ya zamani, siku hizi kwa ndege ni saa moja na nusu tu, mama akimtamani mwanawe asubuhi, adhuhuri wanakula pamoja," wazee wakacheka, nikapewa mke, na hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kuipanda. Sijaipanda, Bibi. Niliwahi kutumwa kiwanja cha ndege na barua za Bwana Shauri, mkubwa wetu wa boma, ndege ikaunguruma, nikakimbia mpaka kwenye mikorosho, barua bado mkononi.

Sasa ni masika, barabara imekatika, malori yamekwama Somanga, na mama mkwe ni mgonjwa wa kitandani, anamwita Kazija usiku na mchana, na kaka yake Kazija ametuletea tiketi mbili za ndege kwa posta, nami kila wiki namwambia Kazija ndege imejaa, na jana ikapita juu ya paa letu, akatoka uani akaitazama, akaniuliza, "Mume wangu, imejaa watu au imejaa uongo?" Nampenda, Bibi, lakini peke yake siwezi kumruhusu, na nikipanda nitakufa. Nifanyeje?

Maftaha, Lindi

Bwana Maftaha,

Pole. Nimekucheka kwanza, sasa nakuonea huruma, lakini kidogo tu. Woga si dhambi. Mimi mwenyewe ngazi za ghorofa zinanitia kizunguzungu. Ila mimi sikuposa mtoto wa watu kwa ghorofa. Ulimi wako umekuponza, na anayeumia ni mgonjwa aliye kitandani.

Eti huwezi kumruhusu peke yake! Tangu lini mtu anayekwenda kumuuguza mamake akaomba ruhusa kwa aliyejificha mikoroshoni?

Leo hii mwambie Kazija, "Ndege haikujaa, mimi ndiye niliyeogopa." Atakusema. Nyamaza, umestahili. Kisha pandeni ndege ya kwanza itakayokuja. Kaa mbali na dirisha, fumba macho, chukua limau na mfuko wa kutapikia, na dua zikikupotea rudia Alhamdu mpaka mtue. Ukishindwa kupanda, mfikishe mlangoni, mpe tiketi yake, aende. Wewe ngoja barabara ikauke, umfuate kwa lori, ukamwombe baba yake radhi.

Usingoje wiki nyingine. Mama yule akifariki na Kazija yuko Lindi kwa sababu ya uongo wako, hata mkilala kitanda kimoja mtakuwa mbali, na mbali huko hakufiki ndege.

Bibi Sada