Nusu Kichwa cha Msimamizi

Saluni ya Kona, nyuma ya stendi.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa binamu yangu,

U mzima? Goti la shangazi limepoa? Sisi tunapumua, na kinyozi bora mjini bado ni mimi. Anayebisha, kichwa chake kinamuumbua.

Sasa habari ya mdogo wangu Chiriku. Alianguka kiwandani, kwenye cherehani, kichwa kinampasuka, anatapika, maneno hayatoki. Msimamizi wao akatangaza mbele ya mafundi wote, "Mlevi huyo! Mtoeni nje pombe imtoke." Akalazwa kwenye benchi la getini, juani, mpaka fundi mwenzake alipotoroka kazi akamkimbiza hospitali. Chiriku huyu huyu anayekataa hata dawa ya kikohozi kwa kuwa inanukia pombe!

Daktari alinieleza, nami kwa vile nimetembea dunia nikaelewa upesi. Amezaliwa na mishipa ya damu iliyosokotana ubongoni kama uzi uliomshinda fundi. Mmoja ulipasuka, damu ikamwagika humo humo. Wakamnyoa nusu kichwa (vibaya, ningewafundisha), wakafungua fuvu, wakalitoa fundo lote la mishipa, wakarudisha mfupa. Sasa anatembea, maneno yanakuja polepole. Kinachomtafuna ni lile jina la mlevi. Akaapa harudi kiwandani akiwa na jina hilo.

Basi wiki iliyopita nani akakaa kwenye kiti changu? Msimamizi! Hakunijua. Nikamfunga shuka, nikamsifia sura, nikanyoa upande mmoja ukang'aa kama sahani. Nikazima mashine.

"Malizia basi, kaka."

"Yule mlevi wako ni mdogo wangu, na hospitali walimnyoa hivi hivi. Kamwombe radhi mbele ya mafundi, ndipo nimalizie."

Akafoka, akatoka. Lakini vinyozi wote wa stendi ni watu wangu. Kila alikoingia, umeme ulikuwa umekatika. Mkewe alipopata kisa, akaficha wembe.

Jana akaja kwetu, kofia hadi masikioni, mafundi wake nyuma. Akasema mbele yao kwamba Chiriku hakulewa, alikuwa anakufa, naye akamtupa nje. Akavua kofia. Mashine ninayo mkononi, nikamuuliza mdogo wangu, "Nimalizie?"

Chiriku akakikagua kile kichwa, akitafuta maneno.

"Hapana. Kesho kutwa... narudi kazini. Nimkute... hivyo hivyo."

Nisalimie shangazi, mjomba fundi saa, na mumeo mwenye kipara asiyenifaa kitu. Mungu avilinde vichwa vyenu, nje na ndani.

Akupendaye kwa wembe na kwa roho,
Kaka yako Kinyozi