Nyekundu au ya Kijani

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeziosha zote mbili tena. Matope ya Katesh hayaishi. Niandike ukweli kwanza: kutoka hapa mpaka Mbulu mjini hajazaliwa dereva wa kunishinda. Mlima Hanang wenyewe ukisikia napanda, unainama. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu ilikuwa inaenda polepole.

Hizi ni kwadi, pikipiki za matairi manne. Mzee Lohay mwenye kambi ya wageni kaletewa mbili kwa majaribio, nyekundu na ya kijani. Wiki hii tunazijaribu mimi na Gidamis. Jumamosi mzee anachagua moja, na dereva wa kuongoza wageni. Mmoja tu. Mimi na Gidamis tuko kijiwe kimoja cha bodaboda tangu tuanze. Sasa tunaangaliana kama majogoo.

Jumanne, 8 Aprili

Nyekundu: nyepesi, haina gia za kuhangaika nazo. Unabonyeza mafuta kwa kidole gumba, inaondoka. Kona inakata kama mbuzi.

Ya kijani: nzito. Matairi yote manne yanavuta, inapanda mawe kama haina habari. Lakini inaua mabega, inakunywa petroli, na injini inakuchoma mapaja.

Kiganja changu bado kinasokota mshikio kama niko kwenye bodaboda. Hakuna kitu pale. Gidamis kacheka. "Nyie wa Maretadu mnaendesha kwa mdomo." Nikamwambia yeye aliyezoea kuswaga ng'ombe aipigie mluzi, labda itaondoka. Akageukia mashine yake.

Pale nilipitiliza. Ng'ombe wao walienda na tope mlima ulipoporomoka kule Jorodom. Mimi nataka jaketi la kambi na kupigwa picha na Wazungu. Yeye, nyumba nzima inamtazama yeye.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Baridi ya kuuma meno. Nimetoka peke yangu na ya kijani, njia ya mawe yale yaliyoshuka na tope. Kwenye kona ya korongo ikainama upande. Nikashusha mguu. Bodaboda yeyote angeshusha, ndivyo tunavyojiokoa siku zote. Lakini kwadi tairi lake la nyuma ni pana, tena liko nyuma ya kisigino chako pale pale. Likapanda buti, likanivuta chini. Bahati yangu pale palikuwa tope laini.

Kisigino kimevimba. Buti limechanika.

Kumbe kwadi ikiinama unabakiza miguu juu, unahamishia makalio upande wa mlima. Mguu haushuki hata iweje. Nimejifundisha mwenyewe, bila mwalimu na bila viboko.

Kambini nimesema buti limechanwa na jiwe. Bingwa haliwi na tairi lake mwenyewe.

Ijumaa, 11 Aprili

Nyekundu imezama mbugani, kwenye udongo mweusi. Tumeisukuma mpaka mchana, mimi na Gidamis, tope hadi kwenye nyusi. Tumekubaliana: nyekundu ni ya majani makavu na picha. Ya mlima ni ya kijani. Jambo la kwanza tumekubaliana wiki hii.

Anaiendesha vizuri ya kijani. Inaniuma kuandika hivyo. Njia za mifugo anazijua zote, anapita mahali mimi sikuona kama ni njia. Mzee Lohay kamtazama muda mrefu, mikono nyuma. Mimi kaniuliza tu, "Bura, huo mdomo nao una matairi mangapi?" Mpaka mpishi kacheka.

Kwenye mteremko nimemwona Gidamis anatoa mguu, anapapasa chini. Ningemwambia. Lakini nilikuwa mbali, na injini zinapiga kelele.

Jumamosi, 12 Aprili

Gidamis kavunjika mguu.

Kona ya korongo. Mzee amesimama anaangalia. Ya kijani iliinama, akashusha mguu, tairi likaupanda, kwadi yenyewe ikamfuata. Tumeinyanyua watu watatu. Nimembeba mgongoni mpaka barabarani. Hakulia. Alikuwa anapumua sikioni kwangu tu, jasho lake la baridi.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mzee kasema ya kijani ina roho mbaya, irudishwe. Kaniuliza mimi, mjuzi. Nimemjibu ndiyo mzee, haina mizani, inalala hovyo.

Uongo. Mashine haina kosa. Ndiyo iliyo bora. Sasa tumebaki na nyekundu, itazama mbugani na wageni wake juu.

Dereva ni mimi. Jaketi nimepewa. Kijiweni wananiita kapteni. Mwingine kaniuliza, "Kapteni, mbona leo huna maneno?" Nimesema mafua.

Alhamisi, 17 Aprili

Alhamisi Kuu. Mama kule Maretadu atauliza kama nimeingia kanisani. Sijaingia. Nimeenda kwao Gidamis.

Mguu wamemwekea chuma. Atatembea, wamesema, ila milima na mashine asahau. Mdogo wake anamshikia kikombe.

Baba yake nimemwamkia shikamoo. Kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, hakuuachia upesi. Kanishukuru kwa kumbeba mwanawe. Mama yake kaleta maziwa. Nimekunywa yote. Ningekataaje.

Gidamis kasema kosa ni lake, aliogopa mbele ya mzee. Halafu kaniuliza, "Wewe ile kona uliipitaje?"

"Uzoefu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaniamini.

Nimerudi kwa miguu. Mvua imekatika. Mlima umefunikwa na ukungu kuanzia kiunoni.

Ile Ijumaa sikuwa mbali. Nilikuwa nyuma yake pale pale, injini yangu nimeshaizima. Angenisikia hata kwa sauti ya kawaida. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka aanguke. Kidogo tu, mbele ya mzee.