Ziwa Letu Liliwahi Kukauka, Mtani

Mtani wangu Mrisho,

Umeshindwa. Nakuandikia kukuambia hivyo kwa sababu uliondoka kabla majibu hayajaja, na sina mwingine wa kumtambia.

Arobaini yako imepita salama hapa Goweko. Siku ya mazishi nilitimiza kazi ya mtani: nililala njiani mbele ya jeneza, nikaiga kikohozi chako, nikasema Mnyamwezi hazikwi mpaka atue mzigo. Wajukuu zako walicheka huku wanalia. Nilipofika nyumbani ndipo na mimi... Basi. Tuyaache hayo.

Tangu Operesheni Vijiji ituhamishe kutoka kule ziwani, ulikuwa na neno moja. Kila mvua ilipochelewa ulisema, "Ziwa letu halijawahi kukauka. Mkiruhusiwa, rudini." Nikikuuliza umejuaje, unanijibu, "Mzaramo wewe, babu yako aliachwa kwetu na msafara kwa kidonda cha mguu. Utajua nini?" Nami nakwambia vichwa vyenu wachukuzi vilibonyezwa na pembe za ndovu, akili haina pa kukaa.

Sasa ruhusa ya kurudi imepatikana. Mdogo wako Shabani alikwisha kuamua: mabati yang'olewe, watu wakajenge bondeni, ufukweni kabisa. Tulipomwambia kichimbwe kisima kwanza, akajibu, "Kisima cha nini? Kaka alishasema." Mkeo akaanza kufunga vyombo.

Hapo binti yako Kalunde akaja kwangu. Unakumbuka alivyokwenda ziwani na walimu wake wa Chuo Kikuu, wakazamisha bomba refu kwenye tope kulitoa tabaka kwa tabaka, nawe ukamcheka kwamba amesoma miaka yote hiyo aje kuvua konokono? Majibu yametoka. Amenieleza mpaka nimeelewa.

Oksijeni iliyomo kwenye maji, ipo nyepesi na ipo nzito. Wao huziita isotopu. Jua likichoma ziwa kama letu, lisilo na mto wa kulitoa maji, ile nyepesi hutangulia kupanda na mvuke, nzito hubaki. Konokono hujenga ganda lake kwa maji hayo hayo anamoishi. Akifa, ganda huzikwa topeni na kipimo chake ndani. Maganda ya juu yana nyepesi nyingi: miaka ya mvua. Ukishuka, nzito inazidi, inazidi, kisha maganda yanakoma. Unakuta udongo uliopasuka, wenye mizizi ya nyasi.

Nyasi, Mrisho. Katikati ya ziwa letu.

Nilimbishia kwa niaba yako. Labda ni joto tu? Akasema joto nalo hubadilisha kipimo, ila si kwa kiasi hicho, na joto peke yake halioteshi nyasi chini ya maji. Lini hasa, hajui. Kabla ya babu zetu.

"Mwambie baba yako mdogo," nikasema.

Akainama. "Baba, mimi nitaonekana namkana marehemu. Wewe ni mtani. Kwako haiwi tusi."

Kweli. Kwa hiyo ukoo ulipoketi nilikwenda, nikakalia kiti chako, nikakohoa, nikasema kwa sauti yako, "Jamani, niliwadanganya. Huku nilikofika nimeonyeshwa: ziwa lilikauka."

Shabani alinikazia macho. Nilidhani nimevuka mpaka. Mara mkeo akaangua kicheko mpaka akashika mbavu: "Huyo! Hajakubali kosa maisha yake yote, amengoja afe!" Wakacheka wote. Shabani naye akacheka, akajifuta macho, akageuka. "Kalunde, mama, hebu njoo unieleze hizo nyasi."

Wanarudi, usiwe na hofu. Lakini nyumba zitasimama mwinukoni, na kisima kitachimbwa kwanza. Mabati hayatoki Goweko mpaka maji yaonekane.

Nami nakwenda nao. Kijiji hiki kimenipa shule, zahanati na majirani wema, na bado kila asubuhi naamka nikitafuta harufu ya lile tope. Habari ya nyasi haikunipunguzia hamu. Ziwa liliondoka, likakaa mbali muda mrefu kuliko sisi, likarudi. Nalipenda zaidi kwa kulijua hivyo.

Pumzika, mbishi wangu. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi, maana najua unabishana humo. Nakuahidi nitasimama na Shabani ukingoni mwa shimo mpaka kisima kitoe maji, kisha nitakiita kwa jina lako, wewe uliyesema hakihitajiki.

Mtani wako,
Kondo