Kipande cha Kanga Golini

Usagara, Tanga

Mke wangu mpenzi, Mama Nassor,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kwanza nakuulizia afya yako na ya huyo aliyemo tumboni, maana najua mwezi wa saba si mchezo, na wewe hukai chini hata ukiambiwa. Je, miguu bado inavimba? Nassor ameacha kukohoa? Na mama yako, presha inamwendea vipi? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila nimechoka. Ni uchovu ambao hata nikilala siku nzima naamka nao, na ndiyo maana leo nimekaa kitako nikuandikie.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu unayo. Simu yako, Mama Nassor, ukiipokea unaiweka sauti ya nje. Nikikohoa huku, namsikia mama yako kutoka jikoni ananiitikia "pole mwanangu". Haya ninayotaka kukwambia si ya nyumba nzima. Basi barua hii nimempa Faki, yule jirani yetu anayevuka kila mara kuja Pemba na mizigo yake, nikamsihi akukabidhi wewe mwenyewe mkononi.

Jumapili nilikwambia tumefungwa na tumeshuka daraja, kisha nikakata. Ulidhani chaji imekwisha. Haikwisha, nilishindwa kusema zaidi.

Unakumbuka tulivyokubaliana. Timu ikibaki kwenye ligi, wananiongeza mwaka na kunitafutia nyumba ya kukaa na familia, nawe unakuja kujifungulia huku. Timu ikishuka, naacha mpira, narudi Mtambwe. Ulisema, "Baba Nassor, mie nimechoka kuwa na mume wa simu. Ligi ikisha, nijue moja." Basi nakuandikia uijue hiyo moja, na ujue imekujaje.

Mpira wa ligi hizi za chini nikikuhadithia utasema natia chumvi. Safari yetu ya mwisho ya ugenini tulilala kwenye madarasa ya shule, tumetandika jezi za mazoezi sakafuni. Uwanja wetu wa hapa mjini umefungiwa msimu mzima kwa kuwa hauna uzio, kwa hiyo "nyumbani" kwetu ni Muheza. Jezi za mechi tunazo seti moja, na zikifuliwa siku ya mvua tunazivaa mbichi. Nahodha wetu anaendesha bajaji. Mazoezini huja nayo, na akipigiwa simu na abiria wa Raskazone anatuacha katikati ya zoezi, anarudi baadaye na kuingia kwenye mstari kana kwamba alikwenda kufunga kamba za viatu. Na watazamaji? Kuna siku nilianza kuwahesabu nikiwa golini, mpira uko upande wa pili, nikamaliza kabla haujarudi kwangu.

Sasa nije kwenye lenyewe. Siku ile naondoka huko, ulichana kanga yako nyekundu iliyokwisha chakaa ukanipa nusu ya kufutia jasho. Kila mechi nimekuwa nikiifunga kwenye nyavu, karibu na mlingoti, nijifute uso mpira ukiwa mbali. Hakuna zaidi ya hapo. Wewe unajua, na Mwenyezi Mungu anajua.

Lakini mechi yetu ya tatu tulishinda moja bila, na mpira wao mmoja uligonga mlingoti ukanirudia mikononi. Mshambuliaji wao akakiona kile kipande, akamkimbilia mwamuzi: "Ref, huyu Mpemba ana kitu golini!" Watu wa huku unawajua kwa sifa za uganga wanazotupa. Ukisema umetoka Pemba, hata ukipiga chafya wanadhani umesoma jambo. Wenzangu siku ile walicheka, lakini wiki iliyofuata nikaona hakuna anayegusa begi langu. Beki mmoja akawa hapiti mbele ya goli bila kuinamisha kichwa. Mwalimu, yaani kocha wetu, akaniita pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kombo, hicho kitu chako kina masharti gani?" Nikacheka. Nikamwambia, "Mwalimu, acha mambo yako." Sikumwambia kwamba si kitu.

Hapo ndipo nilipokosea, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu. Tulikuwa na kipa mwingine, Rajabu, ana miaka ishirini na tatu, mrefu, mwepesi, anadaka mipira ambayo mimi kwa miaka yangu thelathini na sita naisindikiza kwa macho. Mwalimu alishaanza kumpanga na kikosi cha kwanza mazoezini. Nafasi yangu ilikuwa inakwenda, na ikienda, na ile nyumba yetu inakwenda nayo. Baada ya habari ya kitambaa hakuna aliyethubutu kunitoa. Msimu mzima Rajabu alikaa benchi, na mimi nikanyamaza. Nikiulizwa, natabasamu. Nilijipa moyo kwamba sijasema uongo, na kweli sikuusema. Niliuacha tu unifanyie kazi.

Jumapili tulikuwa tunataka sare tu. Wapinzani wetu walitoka bara, nao hawakuwa na njia nyingine ya kubaki ila kushinda. Mechi ilichelewa kwa sababu gari la wagonjwa lilikuwa halijafika, na bila hilo gari filimbi haipulizwi. Tulikaa juani Muheza mpaka miguu ikafa ganzi. Lilipofika tukaanza, na wallahi, Mama Nassor, sijapata kuiona timu yetu ikicheza vile. Kufika mapumziko tunaongoza nne bila. Nne! Mwalimu hakuwa na la kutufundisha, akawa anagawa maji na kucheka peke yake. Mimi nilikaa kwenye nyasi nakuwaza wewe unashuka hapa bandarini Tanga na tumbo lako na mabegi yako, nikawa napanga nani nitamwomba aje kutusaidia kubeba.

Kipindi cha pili hakijachanganya, mchezaji wao mmoja wa akiba, aliyekuwa anapasha misuli nyuma ya goli langu, akapenyeza mkono kwenye nyavu, akaichomoa kanga, akakimbia nayo kwa mashabiki wao. Mwamuzi akamwonyesha kadi ya njano. Kwa mwamuzi yakaishia hapo. Kwa wenzangu ndiyo yakaanza. Niliwaona mabeki wanageuka mmoja mmoja kuutazama mlingoti mtupu, na nyuso zikawabadilika. Dakika mbili hazikupita, bao. Tukaanza upya katikati, bao jingine. La tatu, beki wetu alimpa mpinzani mpira mguuni kama anayerudisha amana ya watu.

"Ni kanga ya mke wangu!" nikawapigia kelele. "Kanga tu, jamani! Chezeni mpira!"

Beki wa kati akanigeukia macho yamemtoka. "Usiitaje, Kombo! Ukiitaja ndiyo unaimaliza kabisa!"

Wakasawazisha. Nne nne. Tukabahatika kupata penalti, nahodha akaifunga, tukawa tano nne, watu wakaanza kupumua. Haikudumu. Kona, kichwa, tano tano. Lakini sare ilikuwa inatutosha! Zilibaki dakika za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Na mpira ulikuwa mbali kabisa nami, kwenye goli lao, wenzangu wanapiga kona. Wakati huo shabiki wao aliyekuwa anaipunga ile kanga nyuma ya kamba akachoka nayo, au aliiogopa, sijui, akaitupa uwanjani karibu na kibendera cha kona, upande wangu.

Nikaiona pale chini. Nikaenda.

Nilitoka golini nikaifuata mbio. Nimeinama, nimeishika, nikasikia yowe la uwanja mzima. Kugeuka, mpira umebutuliwa kutoka kwao, umedunda mara moja, umedunda mara ya pili, unakwenda taratibu kwenye goli lisilo na mtu. Nilikimbia nikaruka, nikaanguka ndani ya nyavu na mpira umeshatangulia. Sita tano. Mwamuzi hakutuachia hata muda wa kuurudisha katikati vizuri, akamaliza.

Pale uwanjani mtu mmoja tu ndiye aliyejua kwa hakika kwamba kile ni kitambaa cha jasho, na huyo ndiye aliyeliacha goli akakifuata. Ningeweza kukwambia niliifuata kwa kuwa ni kanga yako. Ungefurahi kidogo, nami ningepata nafuu. Lakini nitakuwa nakudanganya. Niliifuata kwa sababu na mimi nilishaanza kuamini. Nimewaacha waamini msimu mzima, mpaka siku ya kufa na kupona nikajikuta nami nimo. Naona haya kuyaandika haya, mke wangu, haya kubwa.

Nilidhani watanipiga. Hakuna aliyenigusa wala kunilaumu. Jumatatu katibu wa timu alikuja hapa chumbani kwangu pamoja na mwalimu, wamebeba mkate na maziwa kama waliokuja kumtazama mgonjwa. Katibu akasema, "Kombo, ulifanya la maana kuifuata. Ungewahi kidogo tu, tungepona." Kisha akatoa la moyoni. Msimu ujao wanataka kupigania kupanda tena. Golini watakaa wengine, lakini mimi wananitaka nibaki, nikae benchi, niwe mtaalamu wao. Nyumba watatafuta. Mke aje.

Umesikia? Nyumba, na wewe uje. Kila nilichokuahidi walikiweka pale juu ya mkeka, na sharti lake ni nikubali kuwa mganga.

Nikawaeleza ukweli, tangu siku uliyoichana kanga mpaka Jumapili. Nikawapa waishike, waikague. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mwalimu akamkonyeza katibu. "Ati kanga! Na ni Mpemba gani atakayekiri kwamba anacho?" Wakacheka, wakaniachia siku za kufikiri. Nimeshawapelekea jawabu kwamba sitaki. Nasikia wanasema nangoja kubembelezwa.

Nimedaka mpira miaka kumi na sita, Mama Nassor. Vidole viwili vimepinda, bega halinyanyuki vizuri asubuhi, na mwisho wa yote wanachokitaka kwangu ni kitu ambacho sinacho. Nikiliwaza hilo naishiwa nguvu hata ya kuinuka nikachemshe chai.

Aliyeniamini ni mmoja tu. Rajabu alikuja Jumanne, nikamkaribisha, hakukaa, akasimama mlangoni.

"Kaka Kombo, nasikia umewaambia ilikuwa kanga tu."

"Ndiyo, mdogo wangu. Kanga tu."

Akaniuliza pole pole, bila hasira hata chembe, "Kwa hiyo mie mwaka mzima nimekaa benchi kwa kanga?"

Nikampa glovu zangu, akazitazama, akaziweka chini, akaondoka. Sasa wananiambia ameacha mpira. Yuko Muheza, anapakia machungwa kwenye malori.

Basi hiyo ndiyo moja uliyotaka kuijua. Narudi. Narudi mikono mitupu na magoti mabovu. Najua ulishaanza kufunga vyombo kwa safari ya huku, na najua ulishawaambia majirani. Nakuomba radhi. Nimeona ni bora mtoto azaliwe huko kwa mama yako kuliko kwenye nyumba ambayo kila mgeni akipiga hodi atakuwa amekuja kumwona mganga. Ukitaka kunikasirikia, kasirika, una haki yako. Ila ningependa unikasirikie nikiwa hapo mbele yako.

Mpe mama yako shikamoo yangu. Akikubana barua ilisema nini, mwambie mkwewe anarudi, inatosha. Msalimie sana kaka yangu Makame, umwambie kama msimu wa karafuu shambani kwake bado anatafuta watu, mimi nipo, kupanda mti sijasahau. Bi Tatu, jirani yetu anayekuletea uji, mfikishie shukrani zangu. Mwalimu wa madrasa wa Nassor naye msalimie kwa heshima. Nassor mbusu kwa niaba yangu, na huyo mdogo mwambie atulie, asije mapema.

Faki anavuka kesho na barua hii, na nafasi ya mimi kuvuka naye ipo. Sitavuka naye. Nakwenda kwanza Muheza, nisimame pale kwenye malori mpaka Rajabu akubali kusikiliza ninachotaka kumwambia. Akikataa siku ya kwanza nitarudi ya pili. Kwa hiyo ukimwona Faki anashuka peke yake, usilie. Mumeo yuko njiani, ana mtu wa kumwomba msamaha kabla hajakuomba wewe.

Ni mimi mumeo akupendaye,

Kombo