Jenerali Wako na Viatu vya Mama Yako

Mjukuu wangu Upendo, nawasalimu wewe, babu yako, mama yako na kichanga wetu. Mimi mzima, ila hapa Guangzhou sokoni wananiita laoban, yaani bosi. Hakuna wa kuniita bibi.

Umeuliza yule jenerali wa askari wa farasi wa Austria ya zamani mliyemsoma shuleni, aliyepanda cheo kila vita, mbona hakurudi kwao. Mimi niliyeishia darasa la nne nitajuaje? Labda kila akitaka kurudi walimpa cheo kingine.

Safari yangu ya kwanza nilibeba karatasi niliyochorea mguu wa mama yako, nimnunulie viatu. Mzigo niliotuma ukauzika huko nyumbani, nikaongeza mwingine, na mwingine. Nilipofika nyumbani, viatu viligoma kuingia. Akaniuliza, “Mama, hivi ni vya mtoto gani?”

Safari hii siongezi mzigo. Muulize mama kama nije Pasaka, mnijibu upesi.

Bibi yako